Kuhamishia Matumbawe Katika Tangi Kubwa Zaidi

Tangi la matumbawe huishi kwa kazi ya bakteria waliojishika kwenye mawe na ndani ya vitundu vyake. Kundi moja hugeuza amonia, inayotoka kwa samaki na kwa mabaki ya chakula, kuwa nitriti. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Wanaoelea majini ni wachache. Kwa hiyo kinachohamishwa hasa ni mawe. Yakifika hai, tangi jipya huendelea pale la zamani lilipoishia. Yakikauka, viumbe vyake hufa na kuoza, na kuoza huko huzalisha amonia wakati bakteria wa kuiondoa wamepungua.

Maandalizi huanza na hesabu. Tangi la lita 200 likihamishiwa katika la lita 450, na mawe na mchanga yakichukua nafasi ya lita 50 hivi, maji yanayohitajika ni lita 400, yenye uzito wa takriban kilo 410. Pamoja na kioo, mawe na meza, mzigo hupita nusu tani. Ndiyo maana uimara wa sakafu hukaguliwa mapema, meza hunyooshwa kwa pima maji, na tangi hujazwa maji matamu kwanza ili kuona kama linavuja.

Tangi la zamani likitoa lita 130 za maji masafi, hubaki lita 270 za kutengenezwa. Hutumika maji yaliyochujwa hadi yakaondolewa madini na klorini, na chumvi ya matumbawe kiasi cha gramu 35 kwa lita au zaidi kidogo, yaani karibu kilo 10. Mchanganyiko huzungushwa kwa pampu na kupashwa moto kwa hita siku moja kabla, hadi chumvi, joto na alkali vilingane na vya maji ya zamani. Kwa kawaida chumvi huwa 35 kwa elfu na joto nyuzi 25 au 26 za Selsiasi.

Siku yenyewe, maji masafi ya juu hunyonywa kwa mpira kabla kitu chochote hakijatikiswa. Matumbawe hutolewa kwanza na kuwekwa katika ndoo zenye maji hayo, ndoo ambazo hazijawahi kushika sabuni. Zoanthidi, viumbe wa jamii ya matumbawe, hushikwa kwa kuvaa glavu na miwani ya kinga, kwani baadhi yake hubeba palitoksini, sumu kali sana. Mawe hufuata, katika mapipa yenye pampu na hita. Samaki huwa wa mwisho: mawe yakishatoka na maji yakishuka, hukamatwa bila kukimbizwa. Ndoo yao huwekewa pampu ya hewa na kufunikwa wasiruke.

Mchanga wa zamani unahitaji tahadhari kubwa. Tabaka zake za chini zisizo na oksijeni huweza kushikilia uchafu wa miaka na haidrojeni salfaidi, na kuuchota hivyo ulivyo ni kumwaga vyote hivyo katika maji mapya. Ama husafishwa kwa maji ya chumvi hadi maji yatoke meupe, ama hununuliwa mchanga mpya. Maji ya tope yaliyobaki chini hutupwa.

Katika tangi jipya, mawe hukaa juu ya kioo cha chini na mchanga huyazunguka, ili samaki wachimbaji wasiyaangushe. Maji, pampu na hita hufuata. Yakishatulia na kipimo kuonyesha hakuna amonia, huingizwa matumbawe, kisha samaki.

Kwa wiki mbili za mwanzo amonia na nitriti hupimwa kila siku. Amonia ikionekana, sehemu ya maji hubadilishwa. Taa mpya huanzishwa kwa nguvu ndogo na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha hutoka mwanga au joto linapozidi. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo.

Dozi za kalisi na alkali hazizidishwi kwa sababu tu maji yameongezeka, kwa kuwa yanayozitumia ni matumbawe yaleyale. Samaki nao hawaongezwi mara moja: idadi ya bakteria bado inalingana na wale waliokuwapo. Tangi kubwa hutoa nafasi zaidi siku ya kwanza, lakini uwezo wa kuhimili samaki zaidi huja pale bakteria wanapoenea juu ya mawe na mchanga wake.