Kazi ya Katikati

Nyuma ya mabweni, upande wa Kabarak, kijana wa chuo hurudia jambo ambalo wapita njia huliona ni kichaa. Huja mbio pekupeku, huvaa helmeti, huifunga kidevuni, ndipo anapogusa baiskeli. Huikimbiza huku ameshika kiti, huidandia, huenda kidogo, hushuka, hurudi. Alasiri nzima hafiki popote.

Ni mtu wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, na sheria zake hazina mzaha: ukiichukua baiskeli kabla ya kufunga helmeti, unaadhibiwa. Katika mbio fupi, zile za mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na 5 kwa miguu, sekunde unazopoteza ukibabaika na viatu zina gharama.

Ila ustadi wenyewe umo miguuni. Ukishuka baiskelini, mapaja bado yanakanyaga pedali zisizokuwepo. Nyayo zinatua kwa kishindo, magoti hayakutambui. Tena mwili hukudanganya: wajiona unajikokota, kumbe umeondoka kwa kasi utakayoijutia kilomita ya tatu. Ajuaye kazi hii hufupisha hatua, hulegeza mabega, huisubiri miguu imrudie. Kuivumilia subira hiyo huku wenzako wanakupita, hilo haliuzwi dukani. Siku hizi kijana hununua saa ya kumhesabia mapigo ya moyo kabla hajajifunza kuusikiliza moyo wenyewe.

Rongai ya Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu wa kazi hii ya kuhama kati ya baiskeli na miguu, wala hawakuitwa wanariadha. Nawakumbuka wabeba maziwa na baiskeli zao za blackmamba, mitungi imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Wakifika mlimani walishuka baiskeli ingali inakwenda, wakaisukuma wakikimbia kando yake, na pale mteremko ulipoanza wakaidandia kwa mguu mmoja, maziwa yasimwagike. Hawakusimama hata kidogo kati ya kukimbia na kuendesha. Nani alikaa nao akawauliza wanafanyaje?

Kisha mwaka 2008 pikipiki ndogo zikaondolewa kodi ya VAT, na mtungi ukahamia kwa bodaboda. Sikatai, maziwa yanawahi. Lakini barabara ya Salgaa imeachiwa malori, na mzazi gani atamtoa mtoto huko na baiskeli? Maji nayo tunayaogopa, hasa tangu Mei 2018, bwawa lilipopasuka Solai usiku likaua watu.

Vipande vya triathloni tunavyo. Mwaka 1978 mkimbiaji wetu Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Jason Dunford, Mkenya aliyeogelea katika chuo cha Stanford, aliweka rekodi ya Olimpiki Beijing 2008 katika mchujo wa mita 100 za mtindo wa kipepeo, ingawa ikavunjwa upesi. Mwendesha baiskeli Chris Froome alizaliwa Nairobi, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne. Ushindi huo ukaandikwa kwa jina la Uingereza.

Mwanafunzi wa Rongai anayetaka kuviunganisha hivyo vipande hupanda matatu hadi Nakuru, alipe kiingilio cha bwawa la hoteli, aogelee akiwakwepa watoto wa sherehe ya kuzaliwa. Barabara huipata alfajiri tu, malori yakiwa machache. Kukimbia ndiko peke yake hakuombi nauli.