Tawi Lirudilo: Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Michango katika Udhibiti wa Matoleo

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazoweza kubeba tendo moja la utunzi wa programu za kompyuta: kuingiza mchango wa mtunzi mmoja katika matini ya wengi. Tendo hilo ndilo kiini cha Git, mfumo wa udhibiti wa matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kila mtunzi hufanya kazi katika nakala yake, kisha huyatuma mabadiliko; msimamizi wa mradi huyasoma na kuamua iwapo yaingie. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba istilahi inayofaa ni ile isiyomficha huyo anayeamua.

Kiswahili kimekwisha kupita njia ya karibu na hii. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, programu za ofisi hutaja zaidi matendo ya mtu mmoja: kufungua faili, kuhifadhi, kuchapa. Udhibiti wa matoleo hutaja uhusiano baina ya watu, na hapo ndipo tafsiri sisisi hukwama.

Neno tawi ni mfano mzuri. Katika taswira ya mti, tawi likishachomoza halirudi shinani, hivyo sitiari huvunjika pale tawi linapotakiwa kuunganishwa. Katika taswira ya benki au chama cha siasa, tawi hupokea amri za makao makuu, ilhali kwa Git matawi yote ni sawa kiufundi. Ukuu wa mojawapo ni makubaliano ya watu. Kiswahili kina taswira ya tatu: tawimto. Kwa msomaji wa kata ya Viwanja Sitini, mjini Ifakara, taswira hii haihitaji maelezo. Lumemo huingia Kilombero. Mnyera, Ruhudji na Mpanga huulisha mto huohuo. Nao Kilombero hukutana na Luwegu kuunda Rufiji. Hapa tawi ni kile kinacholeta, si kile kinachoondoka.

Taswira ya mto nayo ina kasoro. Maji yakishakutana, hakuna awezaye kulitambua tone la Mnyera. Git huhifadhi jina la mwandishi wa kila badiliko, na humtenganisha na jina la aliyelitia katika kumbukumbu. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaijua thamani ya utenganisho huo. Mashairi ya Muyaka yaliifikia chapa ya William Hichens ya mwaka 1940 baada ya kupita mikononi mwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na si rahisi kwa msomaji kujua kila neno limeguswa na mkono upi.

Kwa sababu hiyo, kitenzi changanya hakifai: huashiria vitu visivyotenganishika tena, tena kina maana ya kutatiza. Ungana nacho hutaja tukio lisilo na mtendaji wa nje, kana kwamba michango hukutana yenyewe. Unganisha hujengwa kutoka unga, kwa kiambishi cha kutendana kisha cha kutendesha: yupo anayevifanya viwili viungane, na kiungo hubaki kikionekana. Mofolojia yenyewe inamtaja msimamizi.

Kanuni hiyohiyo inaihusu istilahi ya ombi linalotumwa kwa msimamizi, ambayo kwa Kiingereza imejengwa juu ya kitenzi cha kuvuta. Ikitafsiriwa “ombi la kuvuta”, msomaji wa Kiswahili humwelewa mwombaji kuwa ndiye atakayevuta, kama vile katika ombi la kusafiri mwombaji ndiye msafiri. Ukweli ni kinyume: anayevuta ni anayeombwa. “Ombi la kuunganishiwa mchango” ni refu zaidi, lakini kauli zake za kutendea na kutendwa humweka kila mtu mahali pake.

Pale watunzi wawili wanapobadilisha mstari mmoja kwa namna tofauti, Git husimama na kumwachia binadamu uamuzi. Kuiita hali hiyo mgogoro ni kuikuza kupita kiasi; katika bonde la Kilombero neno hilo huelekeza fikra kwenye ardhi, wakulima na wafugaji. Mgongano hutosha, kwa kuwa mistari ndiyo iliyogongana, si watu.

Uteuzi huu si suala la urembo wa lugha. Kijana wa Ifakara ambaye mchango wake umekataliwa anahitaji lugha ya kuuliza ni nani aliyekataa na kwa sababu gani. Istilahi inayosema michango “imeungana” au “haikuungana” humnyima swali hilo. Inayosema “imeunganishwa” humwachia nafasi ya kuuliza: na nani?