Isikilize Kwanza Ikiwa Imezimwa: Mwongozo wa Kuchagua Pedali ya Gitaa

Mpiga solo kijana akipewa pedali mpya ataikanyaga kabla hajakaa. Taa nyekundu inawaka, anacharaza noti tatu, anatabasamu, anauliza bei. Wakongwe hawana haraka hiyo. Wanachomeka gitaa, pedali wanaiacha imezimwa, wanapiga wimbo wanaoujua usingizini. Kisha wanachomoa waya, wanaupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya, wanarudia wimbo ule ule. Kama uzi wa kwanza ulipopita kwenye pedali ulisikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi, basi mazungumzo ya bei yameisha. Kwenye onyesho la muda wa saa nne, distoshini huenda ikawashwa dakika kumi. Muda wote uliobaki sauti yako inapita humo humo, pedali ikiwa imezimwa.

Nazungumzia pedali za kawaida, zinazotoka kiwandani kwa maelfu: Boss, Ibanez, MXR, Electro-Harmonix, Behringer na wenzao. Zile za watengenezaji wadogo nawaachia wenye fedha zao. Klon Centaur, ambayo Bill Finnegan alianza kuiuza Marekani mwaka 1994, leo hata iliyotumika inataka maelfu ya dola. Kwa fedha hiyo mimi nitanunua bajaji, niajiri dereva.

Turudi kwenye pedali iliyozimwa. Za Boss zikizimwa hazikati njia: sauti inaendelea kupita kwenye sakiti ndogo inayoisukuma, na hiyo ndiyo bafa. Za aina nyingine zikizimwa, swichi inauunganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea kana kwamba boksi halipo. Wapiga gitaa wengi wamekaririshwa kwamba aina hii ya pili ndiyo ya watu wanaojua. Mimi sikubali. Waya wa gitaa wenyewe unakula trebo, na kila mita inayoongezeka inakula zaidi. Chukua waya wa mita sita kutoka kwenye gitaa, pitisha kwenye pedali tano zisizo na bafa, ongeza mita sita nyingine mpaka kwenye amplifaya iliyo nyuma ya mpiga drams, halafu uniambie ule mng'ao uliokuwa nao chumbani umeenda wapi. Bafa moja mwanzoni mwa msururu inautibu ugonjwa huo. Bafa sita zilizopangwa foleni ni habari nyingine, kila moja inaacha mkono wake kidogo. Kwa hiyo ukisikia mtu anazikataa pedali zote zenye bafa, muulize kwanza waya wake una urefu gani.

Mwenye sababu ya kweli ya kuikwepa bafa ni mtu wa fazi ya zamani. Fuzz Face, lile boksi la duara lililoanza kuuzwa London mwaka 1966 na ambalo Jimi Hendrix alilikanyaga kuliko wengi, linataka kuonana na gitaa uso kwa uso. Liwekee bafa mbele, linakuwa kali na kavu. Tena zile zenye tranzista za germaniamu zina kisirani cha joto: jua likizidi, umeme unavuja ndani ya tranzista na sauti inabadilika. Ukipiga nje, Tanga au Dar, mwezi wa Februari, chukua ya silikoni.

Sasa ikanyage. Anza na ovadraivu, maana hapo ndipo watu wanapogombana zaidi na ndipo sikio linapodanganywa zaidi.

Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani, ilianza na TS808 mwishoni mwa miaka ya 1970, na TS9 ikafuata mwaka 1982. Ukiijaribu peke yako chumbani inakatisha tamaa. Besi imepungua, sauti imebanwa katikati kama ya mtu anayesemea puani. Vijana wengi wanaikataa hapo hapo. Ngoja drams waingie. Mpiga besi ameshika chini, matoazi yamejaa juu, mwimbaji na kinanda wanagombea kilichobaki. Kumbe pale katikati, karibu na hezi 700, ndipo mahali ambapo gitaa linaweza kusimama likaonekana, na pedali imekusukumia hapo hapo. Kile ulichokiita kasoro chumbani ndicho unachokilipia. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliitumia kusukuma amplifaya iliyokuwa tayari na sauti kubwa, na wengi mpaka leo wanaipenda hivyo: nobu ya mkwaruzo karibu na sifuri, nobu ya sauti juu. Ukiipenda ikiwa hivyo, inunue. Ukiipenda pale tu nobu zote zilipofika mwisho, unatafuta pedali nyingine.

Big Muff ya Electro-Harmonix, iliyotoka New York mwaka 1969, ni kinyume chake kabisa. Peke yako ni kama kanisa zima linaimba: chini nene, juu kali, noti inakaa mpaka uchoke. Lakini katikati imechimbwa shimo. Bendi ikiingia gitaa linazama kwenye shimo hilo, na mpigaji anaongeza sauti, na fundi mitambo anampunguza, na ugomvi umeanza. Kwenye bendi ya watu watatu inatosha na kuzidi. Kwenye bendi yenye magitaa matatu, kinanda na tarumbeta mbili, waachie wenyewe.

Na hii ndiyo hesabu ninayotaka uende nayo dukani: pedali inayokufurahisha ukiwa peke yako, itilie shaka. Huwezi kuibeba bendi mpaka dukani, lakini unaweza kumwomba muuzaji apige muziki kwenye spika wenye besi na drams, nawe ucharaze juu yake. Dakika mbili zinatosha. Ukijikuta unaitafuta nobu ya sauti kila baada ya sekunde kumi, pedali hiyo inazama.

Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa, ipo sokoni tangu mwaka 1978, na hakuna pedali inayotukanwa na watu wengi wanaoimiliki kama hiyo. Inaitwa nyuki kwenye kopo. Tatizo lake ni nobu ya toni: ipitishe katikati kwenda kulia na inageuka wembe. Irudishe kushoto, punguza mkwaruzo mpaka robo, ipe amplifaya yenye uzito kidogo, ndipo utaelewa kwa nini Kurt Cobain na Joe Satriani, watu wasiofanana kwa lolote, wote waliiweka miguuni. Kwa bei yake naiona ni shule. Ukishindwa kupata sauti kwenye DS-1, hata ya gharama itakushinda.

Metal Zone, MT-2 ya mwaka 1991, ndiyo inayochekwa zaidi, na hapa wanaoicheka nusu wana haki. Nobu zake ni mbili juu ya moja, na ile ya sauti za kati inahamisha mahali pa kukata na kiasi cha kukata. Chombo chenye nguvu kiasi hicho akipewa mtoto wa miaka kumi na tano, atafanya alichofanya kila mtoto wa umri huo: kati sifuri, besi na trebo mwisho, mkwaruzo mwisho. Kelele iliyotoka hapo ikapewa jina la pedali. Waliokomaa wanaziongeza sauti za kati badala ya kuzikata, na wengine wanaichomeka nyuma ya amplifaya, pale pa kurudishia efekti, wakiiruka ile sehemu ya mbele. Inakuwa kitu kingine kabisa. Hata hivyo sikushauri uianze safari yako nayo.

RAT ya ProCo naitaja kwa jambo moja tu: nobu yake ya chujio inakwenda kinyumenyume. Ukizungusha kulia trebo inapungua. Wapo walioirudisha dukani wakisema ni mbovu.

Yoyote utakayoijaribu, ipe mtihani wa mkono. Piga noti kwa ncha ya kidole, kisha ipige kwa hasira. Zikitoka sawasawa, pedali imekunyang'anya mkono. Kwa muziki mzito huenda ndicho unachokitaka, kwa muziki wetu hapana. Kisha punguza nobu ya sauti kwenye gitaa lenyewe, kutoka kumi mpaka sita. Pedali nzuri itasafika taratibu, mkwaruzo uondoke lakini uhai ubaki. Pedali mbaya inabaki kukwaruza vile vile, kwa sauti ndogo zaidi. Mwisho piga kodi, na si zile za noti mbili za roki, zinazosikika vizuri hata kwenye pedali mbovu. Piga kodi kamili ya rithimu ya dansi, yenye sita au tisa ndani yake. Hapo distoshini nyingi zinageuka uji. Ikikuachia japo noti nne kati ya tano uzisikie, umepata chombo.

Wapiga dansi na benga hata hivyo wanaishi zaidi kwenye sauti safi, na kwao dilei ina maana kuliko mikwaruzo yote hii. Boss ilitoa DD-2 mwaka 1983, ya kidijitali, yenye uwezo wa kuchelewesha sauti mpaka sekunde 0.8, na DD-3 ikaja kuishika nafasi yake. Wanaoisifu wanasema mwangwi wake ni safi kama ulichokipiga. Wanaoichukia wanasema hivyo hivyo. Dilei ya analogi inarudisha mwangwi wenye vumbi, kila mrudio mweusi kuliko uliotangulia, nao hauingiliani na noti mpya unayoipiga. Kwenye sebene, ambako noti zinafuatana bila kupumua, mimi nachagua yenye vumbi, au ya kidijitali yenye nobu ya kupunguza trebo ya mwangwi. Mtihani wake ni rahisi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500. Weka 375, mrudio mmoja au miwili, charaza noti nusu pigo nusu pigo. Mwangwi unatakiwa uanguke katikati ya noti zako, gitaa moja lisikike kama mawili yanayojibizana. Ukilazimika kusubiri mwangwi umalize kuongea, umeweka mwingi.

Pedali ya wawa haina siri: ikanyage juu chini polepole. Ukisikia mchakacho kama wa redio ya mbao, nobu ya ndani imechakaa. Bei ishuke.

Sasa igeuze, uiangalie kwa macho. Boksi la chuma linaonyesha uzito mkononi. Yale ya plastiki ya bei ya chini, Behringer wakiwemo, mara nyingi sauti yake ni nzuri kuliko sura, na kwa chumbani sina neno nayo. Shika kila nobu uitikise pembeni kwa vidole viwili. Ikicheza kama jino la mtoto, imefungwa kwenye ubao wa sakiti peke yake, bila nati kwenye boksi, na teke la kwanza jukwaani litaufikia ubao. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la jeki. Kwenye Boss, kile kibao kipana unachokikanyaga kinabonyeza swichi ndogo ya umeme iliyojificha chini yake; mguu hauifikii, ndiyo maana za miaka ya themanini bado zinafanya kazi. Pedali zenye kitufe cha chuma kinacholia "kta" zinabeba uzito wako wote kwenye swichi yenyewe. Siyo ubaya, inabadilishika kwa fundi yeyote mwenye solda, ila kanyaga mara ishirini usikilize kama kuna hata mara moja iliyokataa.

Umeme nimeuachia mwisho kwa sababu unaniuma. Pedali nyingi zinataka volti 9, na hasi iko katikati ya plagi. Adapta za nyumbani nyingi zina chanya katikati. Siku moja harusini, adapta yangu ilikuwa imesahaulika, nikaazima ya kisimbuzi cha ukumbini kwa kuwa plagi iliingia vizuri. Taa haikuwaka. Nilichokipata ni harufu, ile ya nywele zilizoungua, na uzi wa moshi kutoka kwenye tundu la nobu. Fundi aliifungua Jumatatu: diodi ya ulinzi, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imejitoa mhanga ikawa kaa. Alinitoza kidogo, akacheka sana. Tangu siku hiyo nasoma kile kimchoro cha duara karibu na tundu kabla ya kuchomeka chochote. Na kwenye Boss za zamani utakuta alama ACA badala ya PSA. Hizo zilitengenezewa adapta ya volti 12. Ukiipa ya 9 ya kisasa, taa inafifia na sauti inakonda, na watu wanazitupa wakidhani zimekufa. Iwekee betri kwanza. Ikifufuka, umeokota kitu kizuri kwa bei ya kilichoharibika.

Kwa hiyo ukienda kununua iliyotumika, beba gitaa lako mwenyewe, nyaya mbili, na betri mpya ya volti 9 mfukoni. Betri inakutenganishia ngurumo ya pedali na ngurumo ya umeme wa duka. Muuzaji akikuambia amplifaya ya kujaribia imeharibika, mwombe akuwekee mpaka Jumamosi, urudi na ya kwako.