Fort Jesus: Kuta Zilishinda, Ghala Likashindwa

Wageni wengi wa Fort Jesus hulipa kiingilio, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye mizinga, wakapiga picha, kisha wakatafuta kivuli. Kilicho cha maana zaidi wamekwisha kukipita getini: kuta zenyewe na pembe zake. Ngome hii ya Mombasa ni hesabu iliyochongwa kwenye mwamba. Ukiisoma vizuri utaona kwamba aliyeichora alijibu swali moja kwa ustadi mkubwa, akaacha jingine bila jibu, na hilo la pili ndilo lililowatoa Wareno Mombasa.

Swali la kwanza lilikuwa la mizinga. Katika miaka ya 1580 Amir Ali Bey, nahodha Mturuki, alishuka pwani hii mara mbili, na miji kadhaa ya Waswahili iliyochoshwa na ushuru wa Wareno ikampokea kwa mikono miwili. Wareno walimkamata Mombasa mwaka 1589. Walijua, hata hivyo, kwamba atakuja mwingine, na kwamba atakuja na merikebu zenye mizinga mizito. Ujenzi ukaanza Aprili 1593. Kazi ya kuchora alipewa Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan aliyewahi kufanya kazi Malta kabla ya kupelekwa India kuwa mhandisi mkuu wa kijeshi. Bwana wake alikuwa Felipe II wa Hispania, ambaye wakati huo alivaa pia taji la Ureno.

Cairati alitoka katika nchi ambayo mizinga ilikuwa imeshazivunja ngome za zamani. Zile zilikuwa na kuta ndefu nyembamba na minara ya duara. Ubaya wa mnara wa duara ni kwamba chini yake, upande wa mbele, pana mahali ambapo mlinzi wa juu hawezi kupalenga. Adui akishafika hapo amepona. Atachimba msingi au kutega baruti kwa raha zake. Wataliano wakabuni buruji ya pembe, inayochomoza nje ya ukuta kama ncha ya mshale, na mizinga midogo ikawekwa ubavuni mwake. Mizinga ya ubavuni haipigi mbele. Hupiga kando, ikifagia uso wa ukuta hadi kwenye buruji ya pili, nayo ya pili ikaifagilia ya kwanza. Hapabaki pa kujificha.

Nenda nje, upande wa bara, usimame handakini chini ya San Felipe, kisha utazame kuelekea San Alberto. Ni buruji mbili kubwa, na kila moja ina pembe iliyorudi ndani, mahali pa kuficha mizinga ya ubavuni. Fuata kwa macho mstari wa tufe la mzinga kutoka kwenye pembe moja hadi nyingine, nawe umesimama hapohapo katikati. Utaelewa mara moja kwa nini sitaki mgeni aanze ziara kwa kuingia ndani. Upande wa bahari ziko San Mathias na San Mateus, na kati yake ukuta umechomoza mbele kuuangalia mlango wa bandari. Mizinga iliyowekwa pale haikuhitaji kupiga mbali, maana kila chombo kilichotaka kuingia bandari ya kale kilipaswa kupita chini ya pua yake.

Waongoza wageni hupenda kusema kwamba ngome ina umbo la mtu aliyelala: kichwa baharini, mikono na miguu ni buruji. UNESCO nayo, ilipoiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, ilitaja fikra hiyo ya wasanii wa Italia waliotafuta ukamilifu wa jengo katika vipimo vya mwili wa binadamu. Sikatai. Lakini mtu aliyelala hakuelezi kwa nini kwapa limekatwa pale lilipokatwa. Mstari wa mzinga unaeleza.

Ustadi wa pili uko kwenye mwamba. Mahali pale ni kilele cha matumbawe ya kale kinachoinamia bahari. Badala ya kukisawazisha na kujenga juu yake, walikikata kikasimama wima kuizunguka ngome, na shimo lililobaki likawa handaki. Kwa hiyo sehemu ya chini ya ukuta haikujengwa kabisa. Ni mwamba wenyewe. Juu yake ndipo waashi walipopanga mawe ya matumbawe kwa chokaa, ufundi ambao pwani hii iliujua karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kutia nanga. Sogea karibu na ukuta wa handaki uone mahali mwamba unapoishia na jengo linapoanzia. Chini jiwe ni pande moja lenye matundu, na sura za matumbawe yaliyokuwa hai bado zinaonekana. Juu kuna mistari ya chokaa. Jiwe la namna hii ni laini, na ulaini huo ni faida: tufe likilipiga huumeza mshindo, halipasuki vipandevipande kama mawe magumu.

Basi kuta zilikuwa tayari kwa mizinga. Sasa tuangalie ngome ilivyochukuliwa.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia kwa mlango na watu wake, akamuua kapteni mle ndani. Hakuna jiwe lililong'oka. Mwaka uliofuata Goa ikaleta jeshi kuikomboa, likashindwa na kuta zilezile zilizojengwa na Goa. Yusuf aliihama mwenyewe ndipo Wareno wakarudi. Maandishi ya Kireno yaliyo juu ya lango, yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, ni ya miaka iliyofuata aibu hiyo, na yana majivuno ya mtu aliyerudi nyumbani baada ya kufukuzwa.

Kisha wakaja Waomani, Machi 1696. Walizingira kwa miezi 33. Hawakuwa na haraka ya kubomoa, kwa sababu ugonjwa na njaa vilikuwa vikiwafanyia kazi. Ilifika wakati ulinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno uko mikononi mwa Waswahili wa Faza na kiongozi wao Bwana Daud, maana maafisa wa Kireno walikuwa wamekwisha. Merikebu zilizotumwa kuokoa zilichelewa au zikaangamia. Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Desemba 1698 Waomani waliparamia ukuta kwa ngazi usiku na kukuta watu wa kuhesabika. Siku chache baadaye msaada ukatokea kutoka Goa, ukaona bendera si yake, ukageuza.

Swali la pili, basi, lilikuwa la watu na chakula, na hapa ndipo ninapomlaumu aliyepanga, au tuseme waliomtuma. Buruji ya pembe inadai watu wengi: kila ubavu una mizinga yake, kila mzinga una wapigaji wake, na wote wanakula. Ndani kulikuwa na birika la kukingia maji ya mvua na njia iliyotobolewa kwenye mwamba kushuka baharini kupokea shehena. Njia hiyo ina faida pale tu merikebu inapofika, na Goa iko ng'ambo ya bahari inayotawaliwa na misimu ya kusi na kaskazi. Wareno waliporudi mwaka 1728, walitolewa tena mwaka uliofuata, na tena njaa ilikuwa mkono wa kuume wa wazingiraji.

Mizinga ilikuja kuamua mwaka 1875, manowari za Waingereza zilipompiga al-Akida Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa ameishika ngome, mpaka akasalimu amri. Karibu karne tatu zilikuwa zimepita tangu Cairati, na mizinga haikuwa ile aliyoijua.

Tangu 1895 hadi 1958 ngome ilikuwa gereza, na kwa gereza kuta hizo zilifaa sana. Makumbusho yalifunguliwa baadaye, na yana vitu vya kutosha kumshika mtu asubuhi nzima: vyombo vya kauri vya Kichina, mabaki ya Santo António de Tanna, nyumba ya Kiomani juu ya San Felipe, na michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa zamu. Hiyo michoro usiikose. Ni kazi ya watu waliokaa wakiitazama bahari, wakingoja chombo.

Ukienda, mwombe mwongoza wageni aanzie nje, handakini, kabla jua halijapanda. Akikwambia hakuna cha kuona huko, zunguka peke yako.