Tawi Lisilopata Kuwa Kiima

Mwishoni mwa Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108 ya mwaka 1968, kuna jedwali fupi linalotaja mambo ambayo katiba ya kila chama sharti iyaeleze. Linaanza na jina na madhumuni. Wanafuata wanachama na ada zao, viongozi na muda wao, kamati, mikutano na akidi, utunzaji wa fedha na ukaguzi wa hesabu, kisha matawi, namna ya kurekebisha katiba, na mwisho kabisa namna ya kuvunja chama na kuamua mali yake iende wapi. Wahakiki hawalisomi kwa kuwa si fasihi. Wakutubi hulisoma siku wanapojaza fomu za Msajili wa Vyama, wakaliweka. Mimi naliona kuwa utungo wenye fani kamili, na nashikilia kwamba fani hiyo, kuliko nia ya kiongozi yeyote, ndiyo iliyoyafikisha matawi ya vyama vya wakutubi hapa yalipo.

Lisome kama unavyosoma wasifu. Kiumbe kinapewa jina, kinaambiwa kimekuja kufanya nini, kinapata jamaa, kinapata mali, kinakufa, urithi unagawanywa. Tawi linatokea jioni ya maisha hayo, hesabu zikiwa zimeshakaguliwa, na linatokea likiwa na sharti shingoni: uundaji wa matawi, iwapo matawi yaweza kuundwa. Jina halikuwekewa "iwapo". Ada haikuwekewa. Zaidi ya hayo, jedwali linataka katiba ieleze jinsi tawi linavyozaliwa tu. Halitaki kujua tawi linaishije, linaweka wapi fedha zake, viongozi wake wanachaguliwa na nani, wala likifa vitu vyake vinakwenda wapi. Mwandishi wa katiba anayefuata jedwali kwa uaminifu ataandika ibara nzima ya fedha za makao makuu na sentensi moja ya matawi, na Msajili ataipokea bila swali.

Sasa turudi mwanzoni mwa sheria yenyewe, palipofasiliwa chama ni nini. Sentensi ni ndefu na inafungua mikono: klabu, kampuni, ubia au umoja wowote wa watu kumi au zaidi, vyovyote vilivyo tabia na lengo lake, ulioanzishwa Kenya au wenye makao yake makuu Kenya. Halafu, kana kwamba mwandishi alikwisha kuweka kalamu chini akakumbuka jambo, inaongezwa: pamoja na tawi lolote la chama. Ndipo inapokuja orodha ya visivyohesabiwa, kama vile vyama vya wafanyakazi.

Nyongeza hiyo fupi ina uzito mkubwa. Kwa maneno yake tawi linakuwa chama, na kifungu cha 4 kinasema chama ambacho hakikusajiliwa wala hakikusamehewa usajili si halali. Basi wajibu wote umelifikia tawi. Haki je? Hapo sentensi imenyamaza. Chama kilichosajiliwa chini ya Sura ya 108 chenyewe hakipati nafsi ya kisheria. Mahakama za Kenya zimelirudia jambo hilo mara nyingi: kinashtaki na kushtakiwa kupitia viongozi au wadhamini wake. Wadhamini hao wanaweza kusajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 164, wakawa mtu mmoja kisheria, asiyekufa kwa kufa kwa mdhamini mmoja. Tanzania hufanya hivyo kwa sheria yake ya namna hiyo, Sura ya 318, na kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Lakini hao ni wadhamini wa chama kizima. Tawi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kitabu cha risiti.

Wakutubi wa vyuo vikuu wanaguswa na hili kuliko wanavyolizungumzia. Kazi ya chama cha taaluma hufanyika pale watu wanapoweza kufika kwa basi la asubuhi na kurudi jioni. Mkutubi wa Eldoret, wa Maseno au wa Kilifi hajifunzi kuendesha hazina ya kidijitali ya tasnifu kwenye mkutano mkuu wa Nairobi. Anajifunza kwenye semina ambayo wenzake wa mkoani wameiandaa, wakachangishana, wakaazima ukumbi wa chuo. Semina ikibakiza fedha, fedha hizo ni za nani? Projekta iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama wa mkoa imeandikwa jina la nani? Mtoa huduma wa mafunzo asipolipwa, atamshtaki nani? Majibu yanategemea sentensi moja katika katiba, na sentensi hiyo, katika katiba nyingi za namna hii, ina umbo linalojulikana: matawi yataundwa kwa idhini ya kamati kuu, yatawasilisha taarifa kila mwaka, yanaweza kusimamishwa au kufutwa.

Tazama vitenzi hivyo kwa jicho la sarufi. Yataundwa, yanaweza kusimamishwa, kufutwa: kauli ya kutendwa, na mtenda yuko makao makuu. Kitenzi kimoja tu kinalifanya tawi litende, nacho ni kuwasilisha taarifa kwa yule yule anayeweza kulifuta. Hakuna sentensi ambamo tawi ni kiima cha kumiliki, kuchagua, kukubali au kukataa. Mhakiki anayekutana na mhusika wa namna hii katika riwaya angesema mwandishi hakumpa uhai, amemweka ili mwingine aonekane mkubwa. Sioni sababu ya kuihurumia katiba kwa kosa tusilolisamehe katika riwaya, hasa kwa kuwa hapa mhusika ni watu wenye ada mkononi.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kiliwakusanya wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ya 1960 kilikuwa na matawi ya nchi hizo. Muundo huo ulilingana na zama zake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilidumu kuanzia 1963 hadi 1970, kikiwa na vyuo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka huo huo wa 1963. Lakini sheria za maktaba zilitungwa nchi kwa nchi: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Bodi iliyoajiri wakutubi, bajeti iliyowalipa na waziri aliyesikiliza malalamiko yao, wote walikuwa wa nchi moja moja. Chuo kikuu cha pamoja kilipogawanywa mwaka 1970, maktaba zake tatu nazo zikawa za vyuo vikuu vitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha kanda kilivunjwa, na matawi yakasimama kama vyama vya taifa. Tanzania ikapata Chama cha Ukutubi.

Kilichofuata kinanivutia kwa fani yake. Ushirikiano wa kanda haukurudishwa kwa chama chenye matawi. Ulirudishwa kwa kongamano la kudumu, SCECSAL, linalokutanisha vyama vya taifa vya Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini kila baada ya miaka miwili, wenyeji wakipokezana. Kimuundo ni kinyume cha kilichotangulia: wanachama wa kongamano ni vyama vyenyewe, kila kimoja na katiba yake, na mkutano ndio unaowafuata. Waliokuwa shamirisho katika sentensi ya zamani wamekuwa viima. Lakini vyama hivyo hivyo vya taifa, vilivyozaliwa na tawi kukataa kubaki tawi, havina sababu ya kujivuna ikiwa katika katiba zao vimewaandikia watu wa mikoani sentensi ile ile ya zamani.

Marekani inatoa mfano mwingine, nao una vurugu yenye faida. ACRL, jumuiya ya maktaba za vyuo na za utafiti, ni idara ya Jumuiya ya Maktaba ya Marekani, ALA, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1876. Mwenye nafsi ya kisheria ni ALA. Matawi ya ACRL ya majimbo, hata hivyo, hayana umbo moja. Tawi la California, CARL, ni shirika huru lisilo la faida lenye katiba yake. Tawi la Oregon ni wakati huo huo idara ya maktaba za vyuo ndani ya Jumuiya ya Maktaba ya Oregon. Wote wanaitwa tawi la ACRL, lakini mmoja anasimama kwa miguu yake kisheria na mwingine anakaa ndani ya nyumba ya jirani. Napendelea umbo la California, ingawa lina kazi nyingi za karatasi, kwa sababu ya sentensi moja ambayo sheria ya kodi ya Marekani, kifungu 501(c)(3), inailazimisha: mali ya shirika likivunjwa iende kwenye makusudi ya manufaa ya umma, isigawiwe wanachama. Tawi linaloandika sentensi hiyo limelazimika kwanza kukiri kwamba lina mali.

Kenya ina njia zake za kufika hapo bila kuiga. Tawi linaweza kusajiliwa kama kampuni isiyo na hisa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, ambayo wanachama huahidi tu kiasi fulani cha fedha ikifilisika, kisha likafunga mkataba na chama cha taifa. Njia hiyo ni ghali kwa watu thelathini wa mkoa mmoja. Iliyo nafuu ni kuandika upya ibara ya matawi, tawi likiwa kiima. Ningeandika hivi: Tawi linachagua viongozi wake katika mkutano wake. Tawi linaweka fedha katika akaunti yake, na wadhamini wa chama wanashika mali ya tawi kwa niaba ya wanachama wa tawi hilo pekee. Tawi halifutwi kabla ya kusikilizwa mbele ya mkutano mkuu. Tawi likifutwa, vifaa vyake vinabaki katika maktaba ya chuo kikuu cha umma cha mkoa huo. Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka chama kisikilizwe kwa haki kabla ya usajili wake kufutwa; si jambo kubwa kwa chama kulitendea tawi lake vivyo hivyo.

Ugumu uko kwenye mlango wa kuingilia. Chini ya Sura ya 108, chama kilichosajiliwa hakibadilishi katiba yake bila idhini ya maandishi ya Msajili, na ombi husainiwa na viongozi watatu wa chama. Katika fomu hiyo tawi halina mahali pa kutia saini. Kwa hiyo sentensi hizo nne ziwasilishwe kama hoja katika mkutano mkuu wenye akidi, zipigiwe kura, na kura iandikwe katika kumbukumbu, ili wale watatu wawe wanatekeleza uamuzi wa wanachama wanapochukua kalamu.