Mikono Minne ya Merikani: Nguo za Msafara Zilivyoshonwa Kilosa

Mpelekee fundi cherehani yeyote wa Kilosa picha ya pagazi wa karne ya 19, mwambie akushonee kama ile, naye atafanya alivyozoea: atachukua futi, akupime kiuno na mabega, kisha ashike mkasi. Hapo ndipo nguo inapoharibika. Pagazi aliyepita bonde la Mto Mkondoa mwaka 1871 hakupimwa na mtu. Kilichopimwa ni kitambaa, na kipimo chenyewe kilikuwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, takriban inchi 18. Mikono minne ilifanya shuka, yaani yadi mbili. Shuka mbili zilifanya doti. Nguo ile ile aliyojifunga mtu kiunoni ndiyo iliyonunua mtama, ndiyo iliyolipa hongo ya kupita kwa mtawala, na ndiyo iliyokuwa mshahara. Ukishaikata kufuata umbo la mtu mmoja, umeipunguzia thamani.

Nimeingia katika hesabu hizi kwa sababu ya mwaliko wa programu ya makazi ya wasanii kusini mwa Ujerumani. Kazi ninayoipeleka ni onyesho la kutembea nikiwa nimevaa nguo za njia ya misafara, na maandalizi yake yote yamefanyika hapa, Kilosa na Mikumi. Hakuna mahali panapofaa zaidi. Wasafiri Richard Burton na John Speke walipita bonde la Mkondoa mwaka 1857. Henry Morton Stanley aliivuka tambarare ya Mkata wakati wa masika ya 1871, maji yakiwa yametanda, akafika Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, mwezi Mei. Tambarare hiyo hiyo ya Mkata, kwa upande wa kusini, ndiyo leo moyo wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Anayepita kwa basi kwenda Iringa akatazama nyati na twiga upande wa kulia anaitazama ardhi iliyowapa wapagazi taabu kubwa.

Seti yangu ina nguo tatu: shuka ya pagazi, joho ya kirangozi, mtu aliyetangulia msafara, na kanzu ya mfuto. Nianze na shuka, maana ndiyo inayoonekana rahisi kuliko zote na ndiyo inayokosewa zaidi.

Kitambaa chake ni merikani. Merikani ya Stanley na Burton ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jora lake lilikuwa na takriban yadi 30, na mapana yake yalikaribia yadi moja. Viwanda vya Uingereza viliiga, lakini vitambaa vyake vingi vilijazwa wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito. Vikifuliwa, uzito wote ulibaki kwenye maji. Wanunuzi wa huku walilijua hilo, wakaendelea kudai ya Marekani. Soko lilikuja kubadilika pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoibana pamba yao, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata nafasi.

Siku hizi pamba isiyopaushwa bado inauzwa madukani, na wazee bado wanaiita marekani. Ila usiinunue kwa kuitazama tu. Kunja pembe, isugue kwa nguvu kati ya vidole viwili juu ya kitu cheusi. Ikimwaga unga, unalipia wanga. Ikipita jaribio hilo, ifue kwa maji ya moto kabla ya kupima chochote, kwa sababu pamba mbichi hupungua, na mikono minne iliyopimwa kabla ya kufuliwa haiwi tena mikono minne. Mapana nayo yana neno. Kitambaa cha sentimita 150 kina faida dukani, lakini ukikitumia lazima ukikate kwa urefu, na upande mmoja utabaki bila ukingo uliofumwa kiwandani. Ukingo ule ndio uliozuia shuka ya zamani isichanike magotini. Mimi nilisisitiza kupata cha mapana ya yadi moja, na fundi wangu aliponiuliza kazi yake iko wapi hapo, nilimjibu kwamba kazi yake ni ncha mbili tu: kuzikunja pindo jembamba na kuzishona kwa mkono. Ovaloki ingemaliza kazi haraka, na ingeiharibu vilevile.

Uvaaji ndio ushonaji wenyewe wa shuka. Burton anaandika kwamba shuka moja ilikuwa vazi la mwanamume wa kawaida, na doti nzima ilivaliwa na wanawake na watu wenye hadhi. Ukijifunga shuka ya yadi mbili kiunoni, ncha zinapishana kwa kiasi kinachotosha kupiga hatua ndefu bila kufunua paja. Ukiivaa lubega, bega moja linabaki wazi kwa ajili ya mzigo. Hili hulioni kwenye kioo cha chumba cha fundi. Unaliona barabarani. Nilivaa nikatembea kwenye barabara ya vumbi inayotoka Mikumi kuelekea Ulaya, asubuhi nyasi zikiwa na umande. Pindo lililolowa linashika mashavu ya miguu na kufupisha hatua, na baada ya mwendo kidogo mkono unakwenda wenyewe kuipandisha shuka na kuichomeka kiunoni. Mkunjo ule uliochomekwa unaonekana katika picha nyingi za zamani. Kumbe hakuna aliyeupanga. Ni umande na maji ya Mkata.

Kuhusu picha, neno moja la tahadhari, hasa kwa wanaozitumia kuchagua rangi. Picha za Walther Dobbertin, aliyepiga katika koloni la Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ziko nyingi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani na ni hazina kubwa. Lakini sahani za picha za enzi zile hazikuwa na uwezo mzuri wa kunasa rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu ikatoka hafifu kuliko ilivyo. Mwanamke anayeonekana amevaa nguo ya giza huenda alivaa nyekundu inayowaka. Kwa hiyo kwa rangi nilitegemea maandishi na vitambaa vyenyewe vilivyohifadhiwa. Utafiti wa Sarah Fee wa Royal Ontario Museum, Toronto, kuhusu vitambaa vilivyokuwa na majina, kama debwani na vingine vya Maskati na Kachi, umenisaidia zaidi ya albamu nzima ya picha.

Kanga nimeiacha nje ya seti, na nimeulizwa sana kwa nini. Kwa mwaka 1871 kanga tunayoijua, yenye pindo, mji na jina, haikuwapo. Kilichotangulia ni leso zilizonunuliwa zikiwa hazijakatwa, zikaungwa sita pamoja, tatu juu na tatu chini, ndipo mwishoni mwa karne viwanda vya Ulaya vikaanza kuichapa nguo nzima. Maneno yalikuja baadaye. Anayepanda jukwaani na kanga yenye methali ya herufi za Kirumi akisema anaigiza msafara wa Stanley anawadanganya watazamaji, hata kama hawatagundua.

Kaniki nayo iko tayari kama akiba. Zamani ilikuwa pamba iliyotiwa nili. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuiloweka kwenye chumvi ili isichuje. Kwa nili chumvi haisaidii kitu, kwa sababu nili haishikamani na uzi kama rangi nyingine. Inakaa ndani na juu ya nyuzi ikiwa chembe zisizoyeyuka, na zilizo juu hutoka kwa kusuguliwa. Dawa ni kuisuuza na kuisuuza tena mpaka maji yawe meupe, na kukubali kwamba bega litapata bluu.

Joho ya kirangozi ilinishangaza kwa urahisi wake. Burton anaieleza: ukanda mwembamba wa joho nyekundu, urefu wake takriban futi sita, tundu katikati la kupitisha kichwa, ncha zikining'inia mbele na nyuma. Futi sita ni mikono minne. Yaani hata vazi la fahari la mtu aliyetangulia msafara mzima lilitoka kwenye kipimo kilekile cha shuka. Joho ni sufu iliyogandamizwa, haifumuki, kwa hiyo tundu halihitaji pindo. Nililizungushia mshono mmoja wa mkono ili lisipanuke. Kichwani kirangozi alivaa ngozi ya mbega au ya mnyama mwingine. Hilo nimelikataa kabisa. Mbega analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, sheria yetu ya uhifadhi wa wanyamapori inadai kibali kwa nyara yoyote, na mtu anayeishi jirani na hifadhi ya Mikumi hana kisingizio cha kutolijua hilo. Nilitengeneza matamvua marefu ya pamba nyeusi na nyeupe. Kwa umbali wa hatua kumi, yanatosha.

Kanzu ndiyo iliyokula muda, na ndiyo iliyonifundisha heshima kwa mafundi wa zamani. Kanzu ya leo ya dukani hukatwa na kuchongwa mabega kama shati. Ya zamani ni hesabu ya mistatili. Badani ni kipande kimoja kirefu kinachopita begani bila mshono, mbele na nyuma. Mikono ni mistatili iliyonyooka. Upana wa kutembelea unatoka kwenye taharizi, vipande vya ubavuni vinavyopanuka kwenda chini, na taharizi mbili hutoka kwenye mstatili mmoja uliokatwa kwa mshazari, bila kubaki hata kipande cha kufutia vumbi. Tatizo la mshazari ni kwamba ukining'inia unavutika, na baada ya mwezi pindo la chini linakuwa na mawimbi. Suluhisho liko katika mpangilio: ukingo wa mshazari ushonwe kwenye ukingo ulionyooka wa badani, na badani iushike usivutike. Fundi wangu aliushona kwanza kwa bandi, tukauacha usiku kucha ukining'inia, ndipo akaupiga mshono wa kudumu.

Chini ya kwapa huwekwa kikwapa, kipande cha mraba kilichokaa kipembepembe. Ni kidogo kiasi kwamba fundi wa leo hukiona cha bure. Jaribu kunyanyua mzigo begani ukiwa na kanzu isiyo nacho: kanzu yote inapanda mpaka kwenye magoti na shingo yake inakukaba. Ukiwa nacho, mkono unapanda na kanzu inabaki mahali pake. Sijaona kipande cha nguo chenye kazi kubwa kuliko ukubwa wake kama hiki. Shingoni tukatia kaba kwa ndani, mikononi sijafu, na darizi tukaiacha, kwa kuwa kanzu ya safari ilikuwa ya mfuto.

Mzigo ndio unaokamilisha vazi. Stanley alieleza jinsi vitambaa vilivyopangwa, vikafungwa na kupigwa mpaka mtumba ukawa kitu kimoja kigumu, urefu wake futi tatu na nusu, kimo futi moja na mapana futi moja. Pagazi alibeba takriban ratili 70, yaani kilo 32. Burton anataja vijiti vilivyofungwa pembeni ili mtumba uegemezwe mtini usiguse ardhi yenye maji. Wangu utakuwa na kilo 23, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha begi la ndege, na nitawaambia watazamaji kilo zilizopungua.

Kuna swali ambalo sindano haiwezi kulijibu. Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu Unguja cha mwaka 2001, anaonyesha jinsi merikani na kaniki zisizo na urembo zilivyokuwa alama ya utumwa kisiwani, na jinsi waliopata uhuru baada ya 1897 walivyozikimbia. Kitambaa hichohicho huku bara kilikuwa fedha na fahari. Na njia hii ya Mkondoa walipita wapagazi wa mshahara, wakapita na watu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo sitavaa shuka ile na kusimama kimya mbele ya Wajerumani wapige picha. Nitavaa nikiwa napima na kueleza, nikiwaomba wao wenyewe watoe mikono yao wapime mikono minne, waone shuka ya mtu mrefu inavyoipita ya mtu mfupi.

Wana sababu ya kusikiliza. Mwaka 1907 kampuni ya Heinrich Otto, wenye viwanda vya nguo huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, ilianzisha shamba kubwa la pamba hapa Kilosa, ikaleta majembe ya mvuke, wakati moshi wa Vita vya Maji Maji ulikuwa haujatulia. Kumbukumbu ya Otto iko Wendlingen mpaka leo. Kumbukumbu ya pamba iko kwetu pia, katika kituo cha utafiti cha Ilonga.

Ombi langu ni kwa wasomaji wa Kilosa, Kimamba, Ulaya na Mikumi. Kama sandukuni kwenu kuna kanzu ya babu, msiikate kuwa tambara wala msimuuzie mgeni. Vitu vya kale vina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayovilinda visitoke nchini bila kibali. Igeuzeni ndani nje, pimeni taharizi na kikwapa, pigeni picha mishono yote pamoja na futi pembeni, kisha mwandike ilikuwa ya nani na ilishonwa wapi.