Miviga ya Mavuno: Inakinzana na Dini Ipi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya KCSE, bila shaka umekutana na orodha ya udhaifu wa miviga. Imo katika karibu kila daftari la marudio: miviga hugharimu fedha nyingi, huwatia watu hofu, hukinzana na dini. Mimi niliifundisha orodha hiyo miaka kadhaa bila kuitafakari. Siku moja mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mzaliwa wa Malakisi, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, inakinzana na dini ipi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aandike hivyo hivyo apate alama yake.

Agosti iliyofuata nilialikwa nyumbani kwao. Wimbi ilikuwa imevunwa, na familia ilitaka kushukuru. Kando ya boma palikuwa na namwima, kibanda kidogo ambacho Wabukusu huwajengea wazee waliotangulia. Babu wa mwanafunzi wangu alisimama mbele yake akaomba kwa Kibukusu. Alimwita Wele Khakaba, kisha akataja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na waliohudhuria wakaitikia kila alipotua.

Hapo pana kazi ya kutosha kwa mhakiki. Khakaba ni jina la sifa linalotokana na kitenzi cha kugawa au kupa. Mungu anayetajwa si mwenye kuadhibu wala mwenye kutisha, ni mgawaji. Baada ya sala, chungu cha busaa kiliwekwa katikati na kila mzee akatia mrija wake. Maneno yanamsifu mgawaji, na kitendo kinachofuata ni kugawa. Hivyo chungu si kiburudisho kinachosubiri sherehe iishe. Ni sehemu ya matini, na mtahiniwa anayechambua sala akaliacha tendo hilo amechambua nusu.

Walioketi pale je? Walikuwapo majirani Wateso na shemeji mmoja Msabaoti, ambao kwao wanamtaja Mungu kwa majina mengine. Walikuwapo Wakatoliki wawili niliowafahamu, mzee mmoja wa Dini ya Msambwa, na mkwe wa familia ambaye ni Mkwekwa. Huyu wa mwisho hanywi pombe. Nilitarajia mvutano. Nyanya alimletea uji katika kibuyu, uji wa wimbi ile ile. Mkwe alisimama, akaomba kwa Kiswahili kwa jina la Yesu, na alipotua, wazee wakaitikia kwa neno lile lile walilomwitikia babu.

Nakuomba, msomaji, uutazame utendaji huo kwa makini. Fanani alibadilika, lugha ikabadilika, hata anayeombwa akatajwa kwa jina jingine. Kilichosalia ni kiitikio. Madarasani tunafundisha kwamba kiitikio huleta mahadhi na kusisitiza ujumbe, nasi tunaishia hapo. Pale Malakisi kilifanya zaidi: kiliwawezesha watu wasioafikiana kuhusu Mungu kushukuru kwa pamoja bila yeyote kulazimika kukana imani yake. Isitoshe, Jumapili ya mavuno makanisani mwetu huletwa wimbi hiyo hiyo, mahindi na kuku, vikawekwa mbele ya madhabahu. Na wenzetu wa Makunduchi, Unguja, wanaoadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai kwa kuchoma kibanda cha makuti, wengi wao ni Waislamu.

Mtahiniwa anayetoka mbali huenda asijue kwa nini jambo hili ni zito Malakisi. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, aliyekuwa Mkwekwa na mchezaji kandanda mashuhuri, alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu warudie ibada za wazee wao na kuukataa utawala wa Mwingereza. Tarehe 10 Februari 1948, hapo hapo Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake, wakaua watu 11. Mwaka huo huo dini hiyo ilipigwa marufuku na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Serikali huru iliiruhusu mwaka 1964, ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Mzozo huo ulikuwa wa kisiasa pia, na Masinde hakuwa mpole kwa wamishonari, sipendi kumpamba. Lakini ibada ya namwima ilikwishahukumiwa kuwa adui wa dini na serikali kabla mtu hajaisikiliza. Tunapomwamuru mtoto wa Malakisi aandike kwamba sherehe ya babu yake "inakinzana na dini", bila ushahidi wowote wa utendaji, tunamtaka atie sahihi hukumu hiyo.

Simaanishi kwamba miviga isikosolewe. Ikosolewe kwa kinachoonekana. Mimi, kwa mfano, sikuridhika na namna tunavyomtambua fanani. Sote tulimtazama mzee aliyeomba. Ila waliokausha wimbi, wakaimea, wakaisaga, wakapika busaa kwa siku kadhaa ni wanawake, na mrija haukuwafikia mapema. Bila wao hakuna chungu, na bila chungu sala ile haina tendo. Huo ni udhaifu unaoweza kuthibitishwa, nao hauhitaji daftari la marudio.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula niliuliza swali kuhusu miviga, alama tano. Yule mwanafunzi alieleza kiitikio, akamtaja mkwe na kibuyu chake, akaeleza maana ya Khakaba. Orodha hakuigusa. Nilimpa nne. Ya tano nilimnyima kwa sababu alimsahau nyanya yake.